Ugonjwa Wangu, Kazi Yangu: Niseme Lini, na Nimwambie Nani?

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mashamba, maji, na ugomvi kati ya wenyeji na wageni. Safari hii tunaleta jambo ambalo familia nyingi hulinong'ona usiku tu, mlango ukiwa umefungwa. Mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anapotafuta kazi, aseme au anyamaze? Akisema, amwambie nani? Tumelichagua kwa sababu hapa Likasi nusura jambo hili lipiganishe watu wa mtaa mmoja. Tutaanza na kisa hicho. Mhusika ametukubalia tukieleze, nasi tumebadilisha mambo madogo ili asitambulike.

Yaliyotokea Kikula

Baba mmoja alikimbia na familia yake kutoka upande wa Mitwaba, wakapata nyumba ya kupanga katika komine ya Kikula. Mke wake anauza makala kwa fungu. Yeye alikuwa akifanya kibarua chochote: kubeba mifuko, kufyatua matofali, kulinda duka usiku.

Siku moja kampuni ndogo inayofanya kazi kwa niaba ya mgodi ilitafuta walinzi na wafungaji wa mizigo. Majina yalipitia kwa kiongozi wa mtaa. Walichaguliwa watu 6: wenyeji 3 na wakimbizi wa ndani 3. Wote waliambiwa waende kwa daktari wa kampuni kupimwa kabla ya kuanza.

Siku ya kupimwa, yule baba hakuonekana. Mkimbizi mwingine alipimwa akaonekana macho yake hayafai kwa kazi ya ulinzi wa usiku. Mwishowe waliochukuliwa ni wenyeji wote 3 na mkimbizi mmoja tu. Jioni ile ile maneno yakaanza kuzunguka sokoni na kwenye bomba la maji: "Wamewaondoa wenzetu kwa sababu ya kabila. Kiongozi wa mtaa amekula pesa." Baada ya siku 2 vijana wakakubaliana kwenda kwanza kwenye mlango wa kampuni, kisha nyumbani kwa kiongozi. Vijana wa wenyeji nao wakasema watawangoja njiani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, yule baba alikuja kwetu. Alikaa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaeleza kwamba ana miaka 6 akimeza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, au sida kama tunavyosema huku. Aliposikia damu itachukuliwa, alidhani majibu yatapelekwa kwa kiongozi wa mtaa, kwa sababu majina yalitoka kwake. Ndiyo maana alijificha. Alituambia hivi: "Nikisema ukweli, nimekwisha. Nikinyamaza, watoto wa watu wataumizana kwa ajili yangu."

Kwa ruhusa yake tulikwenda usiku huo huo kwa wazee wa pande zote mbili. Tuliwaambia jambo moja tu: mmoja wa watu wale hakunyimwa kazi, yeye mwenyewe hakwenda kwa daktari, na ana sababu yake. Mzee mmoja aliuliza ni sababu gani. Tulikataa kujibu. Mama mmoja, anayewaongoza wanawake wakimbizi, akamaliza maneno: "Sababu ya mtu ni ya mtu. Tumeambiwa hakufukuzwa, basi." Asubuhi yule mwenye tatizo la macho alikubali kueleza habari zake mwenyewe mbele ya vijana. Safari ya kwenda kwenye mlango wa kampuni ikaachwa.

Kwa nini ni jambo la amani

Likasi ni mji wa kazi. Ulijengwa kwa ajili ya shaba, na tangu zamani swali la nani amepata kazi limekwenda pamoja na swali la nani ametoka wapi. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa. Wengi walikaa kwa miezi katika stesheni ya treni na katika shule, wakingoja mabehewa. Katika maneno ya chuki ya wakati ule, nafasi za kazi katika Gécamines zilitajwa mara nyingi. Tena mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa hiari. Pamoja na mshahara, familia nyingi zilipoteza hospitali ya kampuni.

Basi mtu akikosa kazi huku, jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kabila. Mara nyingine jibu hilo ni la kweli, wala hatutaki kulifunika. Lakini mara nyingine sababu ni ugonjwa ambao mwenyewe ameuficha, au hofu ya mwajiri juu ya ugonjwa asioujua vizuri. Pale ambapo mtu hawezi kutaja ugonjwa wake bila kuchekwa, watu watatafuta maelezo mengine. Na maelezo ya kabila ni rahisi kuyapata.

Kuna na upande wa pili. Mgeni akijulikana kuwa mgonjwa, watu husema, "Wakimbizi ndio wanaotuletea magonjwa." Hapo ugonjwa wa mtu mmoja unageuka kuwa mashtaka juu ya wote waliotoka kwao. Kwa hiyo siri ya mgonjwa inamlinda yeye, tena inalinda mtaa mzima.

Sheria inasema nini?

Watu wengi tunaozungumza nao hawajui kwamba nchi yetu ina sheria juu ya mambo haya. Tunazitaja zilizo muhimu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu. Inakataza mtu kudhulumiwa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya maisha.

Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI pamoja na jamaa zao. Kwa sheria hii, kuwa na virusi si sababu ya kumnyima mtu kazi, wala si sababu ya kumfukuza. Kupimwa kunatakiwa kuwe kwa hiari, na majibu ni siri. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2018.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mfanyakazi awe na cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba anafaa kwa kazi anayopewa. Kwa hiyo mwajiri anayekutuma kwa daktari hajakosa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake. Na mfanyakazi mwenye mkataba akiugua, mkataba unasimamishwa kwa muda, hauvunjwi papo hapo. Kama ugonjwa hautokani na kazi, mwajiri anaweza kumtangazia kuvunja mkataba tu baada ya miezi 6 mfululizo ya kutoweza kufanya kazi. Katika muda wa kuugua, mfanyakazi ana haki ya theluthi 2 za mshahara wake wa fedha.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, pamoja na haki ya kufanya kazi. Inawahusu wale ambao ugonjwa umewaachia kilema cha kudumu.

Ni lazima tuseme ukweli pia. Wengi wetu huku tunafanya kazi ya siku, bila karatasi. Mtu wa kibarua akiambiwa "kesho usirudi", ni vigumu kuonyesha kwamba sababu ni ugonjwa. Sheria ipo, lakini haijafika kila mlango. Ndiyo maana hekima ya kuchagua nani wa kumwambia bado ni ya lazima.

Majirani zetu wamepita njia hii

Watu wengine Afrika wamelipeleka jambo hili mahakamani. Afrika Kusini, Bwana Jacques Hoffmann aliomba kazi ya kuhudumia abiria katika ndege za South African Airways mwaka 1996. Alifaulu katika mahojiano, lakini damu yake ilipoonyesha virusi vya UKIMWI, alikataliwa. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba alionewa, ikaamuru apewe kazi. Mahakama ilisema mtu hawezi kukataliwa kwa sababu tu ya hofu na chuki za watu wengine.

Karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, wanajeshi wawili wa zamani wa jeshi la anga la Zambia, Stanley Kingaipe na Charles Chookole, walipimwa virusi bila kuulizwa. Mwaka 2010 mahakama ya Livingstone ilisema kuwapima bila ridhaa yao kulivunja haki zao, ikawapa fidia. Lakini haikukubali kwamba waliachishwa kazi kwa sababu ya virusi, kwa kuwa hilo halikuthibitishwa. Tujifunze yote mawili: haki ya kuulizwa kabla ya kupimwa ni ya kweli, na ushahidi una kazi kubwa. Tunza karatasi zako zote.

Ugonjwa ni jambo moja, kufaa kwa kazi ni jambo lingine

Hili ndilo tunalotaka msomaji alikumbuke kuliko yote. Mwajiri ana haki ya kujua kama unaweza kufanya kazi bila kujiumiza na bila kuwaumiza wengine. Hana haki ya kujua jina la ugonjwa wako.

Kati yako na mwajiri yupo daktari. Daktari anasikia habari za ugonjwa, anapima, kisha anaandika kwenye cheti neno moja kwa Kifaransa: "apte", maana yake anafaa, au "inapte", maana yake hafai. Anaweza kuongeza sharti, kwa mfano, "anafaa, ila asifanye kazi ya kupanda juu." Cheti kinachokwenda kwa mwajiri hakihitaji zaidi ya hapo. Daktari na muuguzi wamefungwa na siri ya kazi yao, na sheria yetu ya jinai inamwadhibu anayeitoa nje bila ruhusa.

Niseme lini?

Kuna nyakati 4 ambapo swali hili hutokea.

1. Wakati wa kupeleka barua au jina. Usiandike ugonjwa kwenye barua ya kuomba kazi. Hapo hakuna anayehitaji kujua. Kama kiongozi wa mtaa ndiye anayekusanya majina, naye pia haimhusu.

2. Wakati wa mahojiano. Ukiulizwa, "Una ugonjwa gani?", unaweza kujibu kwa heshima, "Bwana, niko tayari kufanya kazi hii, na mambo ya afya nitayaeleza kwa daktari." Kunyamaza si kusema uongo. Lakini usiandike "sina ugonjwa wowote" na kutia sahihi kama unajua si kweli. Uongo ulioandikwa unaweza kukurudia baadaye.

3. Wakati wa kuonana na daktari. Hapa ndipo mahali pa kusema yale yanayogusa kazi. Kabla hujatoa mkono, uliza: "Daktari, damu hii itapimwa nini? Majibu yatakwenda kwa nani?" Una haki ya kujibiwa. Kama ni kipimo cha virusi vya UKIMWI, una haki ya kukataa.

4. Baada ya kuanza kazi. Wengine hupenda kungoja hadi wajulikane kwa bidii yao, kisha wamwambie mkubwa wao au mwenzao mmoja. Ni uamuzi wao. Ni vizuri kusema kama unahitaji kitu, kama vile ruhusa ya kwenda kuchukua dawa au muda wa kula. Hata hapo unaweza kutaja unachohitaji bila kutaja ugonjwa: "Mkubwa, kila baada ya miezi 3 ninahitaji asubuhi moja kwenda hospitali. Nitailipa kwa kufanya kazi siku nyingine."

Magonjwa hayafanani

Virusi vya UKIMWI. Haviambukizi kwa kufanya kazi pamoja, kula pamoja wala kutumia choo kimoja. Mtu anayemeza dawa vizuri anaweza kuwa na nguvu kama wengine. Hakuna sababu ya kumwambia mwajiri. Hatari kubwa tunayoiona ni mtu kuacha dawa kwa hofu ya kuonekana nazo. Unaweza kuendelea kuchukua dawa pale ulipozoea, hata kama kampuni ina zahanati yake.

Kifua kikuu. Ugonjwa huu hupona. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na baada ya wiki chache za dawa sahihi wagonjwa wengi hawaambukizi tena. Ukiwa bado unakohoa na hujaanza dawa, usiende kazini. Nenda kituo cha afya kwanza. Ukishapona, tunza karatasi ya kumaliza dawa, kwa maana picha ya mapafu inaweza kuonyesha kovu la zamani. Mjulishe daktari pia kama kazi yenyewe ina vumbi la mawe, kwa sababu vumbi hilo huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu.

Kisukari. Mwambie daktari, hasa kama unachoma sindano ya insulini. Sukari ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutoka jasho, na anaweza kuanguka. Ni vizuri mwenzako mmoja wa kazi ajue la kufanya: kama bado una fahamu na unaweza kumeza, akupe kitu chenye sukari upesi.

Kifafa. Hakiambukizi, wala povu la mgonjwa haliambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa. Lakini hapa tunasema kwa uzito: usimfiche daktari kama kazi ni ya kuendesha gari, kupanda juu, au kuwa karibu na tanuru, mashine au matangi ya asidi. Siri hii inaweza kukuua, na inaweza kumuua mwenzako. Omba kazi nyingine katika kampuni ile ile: stoo, usafi wa ofisi, jikoni pasipo moto wa wazi.

Sikoseli, ule ugonjwa wa damu tunaouita SS. Baridi kali, kiu na kazi ya kuchosha mno huamsha maumivu. Wote tunajua baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7 hapa Likasi. Mwambie daktari, ili asikupangie ulinzi wa usiku.

Tuwaelewe waajiri pia

Tulipoongea na waajiri wadogo wa mji huu, hatukuwakuta wote na moyo mbaya. Wengi wanaogopa gharama. Sheria inawataka watibu mfanyakazi na familia yake, nao wanapiga hesabu: "Huyu ana watoto 7, tena ni mgonjwa." Hofu hiyo tunaielewa. Lakini dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo kupitia mipango ya taifa, kwa hiyo mzigo si mkubwa kama wanavyofikiri. Na mfanyakazi anayetibiwa waziwazi na daktari wake hakosi kazi mara nyingi kama yule anayejificha hadi anaanguka.

Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuwafundisha viongozi bila kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mradi wa kuwasaidia vijana wakimbizi kujifunza ufundi. Kwenye orodha yetu tuliweka mstari wa kuandika ugonjwa wa kila mtu. Nia yetu ilikuwa njema: tulitaka kujua nani anahitaji msaada zaidi. Siku moja orodha hiyo iliachwa juu ya meza katika ukumbi, ikasomwa. Msichana mmoja mwenye kifafa alikuwa ameanza kujifunza kushona. Mwenye cherehani akasema hataki mtu wa kuanguka ndani ya nyumba yake. Wenzake wakakataa kunywa maji kwa kikombe kimoja naye.

Tulikwenda kuomba msamaha kwa msichana na kwa mama yake. Mama alitusikiliza, akasema, "Tulikimbia vita, wanangu, tukafika salama. Karatasi yenu ndiyo iliyotukimbiza tena." Wakahamia kwa ndugu zao upande wa Kambove. Hatukuweza kurudisha lililotoka. Tangu siku hiyo orodha zetu hazina mstari wa ugonjwa. Anayehitaji msaada wa afya anaongea na mtu mmoja, na jina lake linafungiwa kabatini.

Kwa viongozi: mambo 6 ya kufanya

- Ukikusanya majina ya kazi, andika jina, umri na ujuzi tu. Usiulize ugonjwa, na ukiambiwa, usiandike.
- Omba kampuni iwaite watu kwa daktari moja kwa moja, na majibu yasipitie kwako.
- Kampuni ikikataa watu, iombe ieleze kwa jumla: wangapi walikataliwa kwa ujuzi, wangapi kwa afya, wangapi hawakufika. Hesabu bila majina hutuliza maneno ya mtaani.
- Maneno ya kabila yakianza, usikimbilie kuyakataa. Tafuta ukweli kwanza pande zote mbili, kisha sema unachoweza kusema bila kumvua mtu nguo.
- Mtu akikuambia ugonjwa wake, usimwambie hata mke wako au mume wako bila ruhusa yake.
- Mtu akifukuzwa kazi kwa sababu ya ugonjwa, msindikize kwa mkaguzi wa kazi (Inspection du Travail). Sheria inataka shauri la mfanyakazi mmoja na mwajiri wake lipite kwanza kwa mkaguzi ili kujaribu kuwapatanisha, kabla ya kwenda mahakamani. Mwambie abebe mkataba, kadi ya kazi, karatasi za malipo na cheti cha daktari, kama anavyo.

Yule baba wa Kikula

Miezi mingi baadaye kampuni nyingine ilitafuta wafungaji wa mizigo. Yule baba alipeleka jina lake. Safari hii alikwenda kwa daktari, na kabla ya sindano aliuliza damu itapimwa nini. Muuguzi alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akamjibu: kundi la damu na upungufu wa damu. Akatoa mkono. Baada ya wiki moja alipewa cheti chenye neno "apte".

Anafanya kazi hadi leo. Mke wake anajua, sisi tunajua, muuguzi wa kituo anapochukulia dawa anajua. Mwajiri hajui, wala vijana waliotaka kuandamana kwa ajili yake hawajui. Tulimuuliza kama iko siku atawaambia. Akajibu, "Labda. Siku nitakayotaka mimi." Tunaona jibu hilo linatosha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, mtu akikosa kazi, ni sababu gani inayotajwa kwanza? Tunajuaje kama ni ya kweli?
2. Je, yule baba angefanya vizuri kusema ukweli mbele ya vijana? Kwa nini?
3. Ni kazi gani hapa Likasi ambazo mtu mwenye kifafa asizifanye, na ni zipi anazoweza kuzifanya vizuri?
4. Nani katika kikundi chetu anashika orodha za watu? Zina nini ndani yake, na zinawekwa wapi usiku?